Huduma za Serikali ya Kanada kwa Kifaransa Nje ya Quebec: Zinapofaa na Zinapokwama

Ukiingia ofisi ya Service Canada, yaani kituo cha huduma za serikali ya shirikisho, mjini Ottawa, Winnipeg au Moncton, mtu wa mapokezi anatakiwa kukusalimu "Hello, bonjour" kabla hujafungua kinywa. Salamu hiyo imeagizwa na kifungu cha 28 cha Sheria ya Lugha Rasmi. Maana yake ni kwamba wewe mwenye shida ndiye unayechagua lugha, na ofisi inakufuata. Mswahili aliyetoka Bukavu, Goma, Lubumbashi au Bujumbura, aliyesoma kwa Kifaransa tangu shule, mara nyingi huishika ile "Hello" akaanza kuhangaika na Kiingereza cha kuokoteza. Hana haja hiyo. Ana njia nyingine iliyo wazi kisheria, na hapa tunaipima: ofisi za serikali ya shirikisho kwanza, kisha za majimbo.

Alama zetu ni hizi. Barua, fomu na tovuti: 5 kati ya 5. Simu: 4. Dirishani, ana kwa ana: 3. Uwanja wa ndege: 2. Huduma inaanza vizuri kwenye karatasi na inazidi kulegea kadiri unavyokaribia kuonana na mtu. Anayelijua hilo mapema hupanga shughuli zake kulingana nalo.

Haki yenyewe imesimama imara. Sheria ya kwanza ni ya 1969. Mwaka 1982 haki ikaingia kwenye Katiba, kifungu cha 20, sheria ikaandikwa upya 1988, na ikafanyiwa marekebisho makubwa Juni 2023. Makao makuu ya kila taasisi ya shirikisho lazima yakuhudumie kwa Kiingereza au Kifaransa, popote unapoishi. Ofisi za mitaani ndizo zenye masharti: zinawajibika pale penye "mahitaji makubwa", au pale ambapo aina ya kazi yenyewe inadai lugha zote mbili. Kwa hiyo ofisi mbili za taasisi moja, kwenye mji uleule, zinaweza kutofautiana: moja ya lugha mbili, nyingine ya Kiingereza pekee. Usiende kwa kubahatisha. Serikali ina orodha iitwayo Burolis. Unaandika jina la mji au la taasisi, nayo inakuonyesha kila ofisi na wajibu wake wa lugha. Ni kazi ya dakika mbili, na ndiyo hatua ya kwanza kabla ya kupanda basi. Ukienda ofisi ya Kiingereza pekee ukadai Kifaransa, utakasirika bure, maana pale huna madai.

Mahitaji hayo hupimwa vipi? Hapa pana jambo linalowahusu Waswahili moja kwa moja, na wengi hawajalisikia. Kanuni za 1991 zilirekebishwa 2019, na hesabu mpya haiwatazami tu waliozaliwa ndani ya Kifaransa. Inawahesabu pia wanaokitumia nyumbani mara kwa mara, hata kama lugha kuu ya nyumba ni nyingine. Nyumba ambamo mama na baba wanaongea Kiswahili na watoto wanajibu kwa Kifaransa imo kwenye hesabu. Takwimu zenyewe hutoka kwenye sensa, ambayo hufanyika kila miaka 5. Fomu inapouliza lugha zinazotumika nyumbani mara kwa mara, watu wengi huandika Kiswahili peke yake wakaishia hapo. Kama Kifaransa nacho kinaongewa nyumbani kwako, kiandike kando ya Kiswahili, kwa sababu fomu inaruhusu lugha zaidi ya moja. Kigezo kingine kilichoongezwa ni shule: palipo na shule ya msingi au sekondari ya Kifaransa katika eneo linalohudumiwa na ofisi, ofisi hiyo huhesabiwa kuwa ya lugha mbili. Shule ya Kifaransa unayompeleka mtoto inaibeba pia ofisi ya mtaa.

Na tusidanganyane kuhusu hali ya jumla. Sensa ya 2021 ilionyesha kuwa nje ya Quebec, watu ambao Kifaransa ndiyo lugha rasmi yao ya kwanza walikuwa asilimia 3.3, wakati 2016 walikuwa asilimia 3.6. Wahamiaji kutoka Afrika wanaokitumia Kifaransa wamo kwenye hesabu inayozipa ofisi wajibu wa lugha mbili. Anayesita kukitumia Kifaransa chake kwa kudhani ni mgeni anasita bila sababu.

Sasa karatasi, maana hapo ndipo huduma inapong'ara. Idara ya uhamiaji inapokea hati za Kiingereza na za Kifaransa sawasawa. Cheti chako cha kuzaliwa kutoka Kongo kilichoandikwa kwa Kifaransa hakihitaji tafsiri hata kidogo, na bado watu hulipa watafsiri kwa kila ukurasa wakidhani lazima kiwe Kiingereza. Hati iliyoandikwa kwa Kiswahili au Kirundi tu ndiyo hutafsiriwa. Hiyo inaambatana na nakala ya hati ya asili, na kama mtafsiri si wa kuthibitishwa na chama cha kitaaluma, inaambatana pia na hati ya kiapo. Mtafsiri asiwe wewe mwenyewe wala ndugu yako wa familia. Tafsiri ya kaka au dada haikubaliki hata kama haina kosa.

Kwa uraia, mwenye umri wa miaka 18 hadi 54 anatakiwa kuthibitisha lugha katika kiwango cha 4 cha vipimo vya lugha vya Kanada, kwa kusikiliza na kuongea. Cheti cha kumaliza sekondari au chuo kwa Kifaransa kinakubalika, hata kama ulisomea nje ya Kanada. Kwa hiyo diploma yako ya serikali ya Kongo inaweza kukuokolea ada na safari ya mtihani wa lugha. Mtihani wa uraia wenyewe una maswali 20 katika dakika 45, na unafaulu kwa 15. Unaweza kuufanya kwa Kifaransa, na kitabu cha kujisomea kipo kwa Kifaransa, bure. Wapo wanaoufanya kwa Kiingereza kwa sababu rafiki waliyejifunza naye alifanya hivyo. Mtu aliyesoma historia yote ya nchi kwa Kifaransa halafu akajibu kwa Kiingereza amejipandishia mlima.

Kodi ni rahisi kuliko vyote. Ukurasa wa kwanza wa fomu ya kodi ya mwaka una kisanduku cha lugha ya mawasiliano. Weka alama kwenye Français, na kuanzia hapo barua zitakuja kwa Kifaransa. Kosa la kawaida ni hili: anayekuandalia kodi, kwa mazoea, anaacha Kiingereza kwenye programu yake, nawe unapokea barua ya kudaiwa usiyoielewa vizuri. Kabla hajatuma, mwambie akuonyeshe kisanduku hicho. Ni mstari mmoja tu.

Simu tumeipa 4. Laini kuu ya shirikisho, 1 800 O-Canada, yaani 1 800 622-6232, inakuchagulisha lugha mwanzoni kabisa. Kasoro hujitokeza ukihamishwa kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine: wa pili anaweza kuanza kwa Kiingereza kana kwamba uchaguzi wako umebaki nyuma. Sema mara moja, "En français, s'il vous plaît", kabla hujataja jina wala namba ya faili. Ukishaanza kueleza shida yako kwa Kiingereza, anayekusikiliza anaona mambo yanakwenda, na kurudi nyuma kunakuwa kugumu.

Jambo jingine la simu ni namba. Wakongomani, Warundi na Wanyarwanda tumerithi hesabu za Kibelgiji: septante kwa 70, nonante kwa 90. Kanada husema soixante-dix na quatre-vingt-dix. Mfanyakazi aliyejifunza Kifaransa kazini akisikia "nonante-deux" anaweza kuandika kitu kingine kabisa, nawe usijue mpaka mfumo ukatae. Namba ya bima ya jamii ina tarakimu 9, kwa hiyo itaje tarakimu moja moja, na mwombe airudie. Tarehe ya kuzaliwa nayo itaje kwa mpangilio wa fomu zao: mwaka, mwezi, siku. Maneno ya ofisini pia hutofautiana kidogo na ya kwetu. Mafao ya aliyeachishwa kazi huitwa assurance-emploi, karatasi ya mwajiri huitwa relevé d'emploi, na namba ya bima ya jamii ni NAS. Ukisema "chômage" utaeleweka, lakini ukisema "assurance-emploi" utapelekwa moja kwa moja kwenye dirisha linalohusika.

Majina nayo yana mtego wake. Mkongomani ana nom, post-nom (jina linalofuata nom) na prénom (jina la kupewa), na fomu ya Kanada ina nafasi mbili tu: jina la familia na majina ya kupewa. Post-nom huishia popote pale. Ofisi moja inaiunganisha na jina la familia, nyingine inaisukuma kwenye majina ya kupewa, na miaka 3 baadaye una watu wawili kwenye kompyuta wenye picha moja. Chukua mpangilio uliopo kwenye kadi yako ya ukaaji wa kudumu au hati yako ya uhamiaji, uufuate uleule kila mahali: benki, kadi ya afya, leseni, shule ya watoto. Kama mpangilio wa kwanza una kosa, lirekebishe pale ulipoanzia kabla hujaenda ofisi ya pili.

Dirishani ndipo panapohitaji maelezo marefu, kwa sababu ndipo watu wengi wanapokata tamaa. Hali ya kawaida ni hii: unasalimiwa kwa lugha mbili, unajibu "Bonjour", mtu wa mapokezi anatabasamu, kisha anakuambia usubiri kwa sababu mwenye Kifaransa yuko na mteja mwingine au ametoka kwenda kula. Foleni ya Kiingereza inasogea. Waliokuja nyuma yako wanaitwa. Baada ya dakika 40 unasema basi, Kiingereza kinatosha. Sheria haikubali hivyo. Katika ofisi yenye wajibu, huduma ya lugha zote mbili inatakiwa ipatikane saa zote za kazi, na kwa ubora uleule. Mahakama ya Juu ya Kanada ilikwisha kusema mwaka 1999, katika kesi ya Beaulac, kwamba usawa unaotakiwa ni wa kweli, na kwamba lugha rasmi ya pili haitolewi kama hisani ya ofisi kwa mteja.

Kwa nini inakwama? Sababu kubwa iko kwenye ngazi za lugha za wafanyakazi. Nafasi ya lugha mbili hupewa herufi tatu, kwa kusoma, kuandika na kuongea, na kila herufi ni A, B au C. Nafasi nyingi za dirishani ni BBB. Mwenye B ya kuongea anamudu mambo ya wazi: fomu gani, hati zipi, tarehe ya lini. Ukimletea jambo lenye mikunjo, kama vile kwa nini mafao yako yamekataliwa na mwajiri anasema hivi wakati wewe unasema vile, B huanza kuyumba, maana mambo ya hoja na ya hisia ni ya C. Mfanyakazi anajua anayumba, anaona haya, anarudi Kiingereza. Posho ya kutumia lugha mbili nayo ni dola 800 kwa mwaka, kiwango kilekile tangu 1977, kwa hiyo haimsukumi mtu kupanda kutoka B hadi C.

Ukishaelewa hivyo, unajua la kufanya. Kwa jambo jepesi (anwani mpya, kuulizia pasipoti, namba ya bima ya jamii) dirisha linatosha. Kwa jambo zito, nenda na maelezo yako yameandikwa kwa Kifaransa kwenye ukurasa mmoja, omba yawekwe kwenye faili, na omba jibu la maandishi. Maandishi huweza kufika kwa mtu mwenye ngazi ya juu, wala hayana haraka ya foleni. Ukipinga uamuzi wa assurance-emploi, kumbuka una siku 30 tangu ulipoarifiwa. Usizimalize ukisubiri mwenye Kifaransa arudi kutoka likizo.

Mwenye kesi ya ukimbizi asome hapa kwa makini. Bodi ya Uhamiaji na Wakimbizi inakutaka uchague Kiingereza au Kifaransa kuwa lugha ya kesi, kando ya lugha ya mkalimani wako. Hayo ni mambo mawili tofauti. Unaweza kuchagua Kifaransa kuwa lugha ya kesi na bado ukaongea Kiswahili kupitia mkalimani. Faida yake ni kwamba hati zako za Kifaransa zinasomwa kama zilivyo, nawe unaweza kufuatilia yanayosemwa pande zote mbili za ukalimani na kugundua neno likipotoshwa. Fomu inauliza lugha na lahaja. Usiandike "Kiswahili" ukaishia hapo. Andika Kiswahili cha Kongo, au cha Lubumbashi, au cha pwani. Mkalimani wa Mombasa na shahidi wa Uvira wanaweza kupishana kwenye maneno ya ukoo, ya muda na ya mashamba, na kwenye kesi ya ukimbizi tarehe iliyopishana huonekana kama uongo. Ukitaka kubadili lugha ya kesi au mkalimani, toa taarifa ya maandishi angalau siku 10 kabla ya kusikilizwa. Chagua pia wakili anayefanya kazi kwa Kifaransa kweli. Wakili asiyekisoma Kifaransa hukusukuma kwenye Kiingereza kwa faida yake.

Majimbo hayafanani. New Brunswick ndilo jimbo pekee la lugha mbili rasmi, na ofisi yoyote ya serikali ya jimbo, mahali popote, inakuhudumia kwa Kifaransa bila hesabu ya mahitaji. Kwa anayetaka kuishi kwa Kifaransa, ndilo tunalolipendekeza kwanza. Ontario ina sheria yake ya 1986, iliyoanza kutumika 1989, na inafanya kazi kwa maeneo teule: Ottawa, Toronto, Hamilton, London na Sudbury yamo. Tangu 2009 Ontario inamhesabu kuwa mzungumzaji wa Kifaransa hata mtu ambaye lugha ya mama si Kifaransa wala Kiingereza, mradi anakijua vizuri na anakitumia nyumbani. Mswahili wa Kongo anaingia humo wazima wazima. Kanuni iliyoanza Aprili 2023 inazitaka ofisi zikujulishe zenyewe kwamba Kifaransa kipo, bila kusubiri uulize. Leseni na kadi ya afya zinaweza kubeba alama za Kifaransa, kwa hiyo Désiré asikubali kuandikwa Desire. Kwa hospitali, Montfort ya Ottawa inafanya kazi kwa Kifaransa kuanzia mapokezi hadi chumba cha upasuaji.

Manitoba imekuwa na wazo zuri kuliko wote: vituo vya huduma za lugha mbili, St. Boniface mjini Winnipeg na katika miji mingine kadhaa, ambamo wafanyakazi wote wanaongea Kifaransa. Hapo hakuna kumsubiri "yule mwenye Kifaransa". Sheria ya Manitoba ya 2016 nayo inamtambua anayekitumia Kifaransa mara kwa mara hata kama si lugha ya mama. Kama unakaa Winnipeg, anzia St. Boniface, hata kama kuna ofisi nyingine karibu na nyumba. Alberta ina sera tu, na leseni hutolewa na mawakala binafsi. Huko tegemea ofisi za shirikisho.

Mkenya, Mtanzania au Mganda wa Montreal asome yote haya kinyumenyume: kwake Kiingereza ndiyo lugha ya wachache, na ofisi za shirikisho zina wajibu uleule kwake. Serikali ya jimbo la Quebec ni habari nyingine. Sheria ya 2022 inaitaka iwasiliane na wahamiaji kwa Kifaransa baada ya miezi 6 ya kwanza, isipokuwa katika mambo kama afya na usalama wa umma.

Uwanja wa ndege tumeupa 2, na hatuoni haya. Viwanja vyenye abiria milioni 1 au zaidi kwa mwaka vina wajibu wa lugha mbili, na kampuni inayofanya kazi kwa niaba ya taasisi ya shirikisho inabebeshwa wajibu huohuo. Lakini kwenye ukaguzi wa mizigo hakuna muda, mlinzi ana haraka, na amri hutolewa kwa Kiingereza. Mama mzee kutoka Uvira anaambiwa avue viatu mara tatu bila kuelewa, halafu anachukuliwa kuwa mkaidi. Andaa karatasi yenye sentensi moja kwa Kifaransa, kwamba anaomba ahudumiwe kwa lugha hiyo, aishike mkononi pamoja na pasi ya kupandia. Marekebisho ya 2023 yanaruhusu mashirika ya usafiri yatozwe adhabu ya fedha.

Ukinyimwa huduma mahali penye wajibu, malalamiko huenda kwa Kamishna wa Lugha Rasmi, kwa fomu ya mtandaoni, simu au barua, bila malipo. Kwa ofisi za jimbo la Ontario, tangu 2019 yanakwenda kwa Ombudsman, yaani afisa huru anayechunguza malalamiko ya umma. Malalamiko dhaifu husema "hawakuniongelesha Kifaransa". Yenye nguvu yana tarehe, saa ulipoingia na saa ulipohudumiwa, anwani ya ofisi, namba ya dirisha, ulivyosema na ulivyojibiwa neno kwa neno, pamoja na kama bango la lugha mbili lilikuwepo. Piga picha ya tikiti ya foleni kabla hujaitupa, maana ina saa juu yake. Hulazimiki kuwa raia ili kulalamika. Kama matokeo hayakuridhishi, una siku 60 tangu uarifiwe kwenda Mahakama ya Shirikisho, na kama miezi 6 imepita bila kuarifiwa chochote, unaweza kwenda bila kuendelea kusubiri.